UZI: Keki ya mkate nyumbani, kwa gramu na kwa moto wake (na kwa nini inatitia katikati)

Mzani_wa_Jikoni:
Wakuu, habari za jioni. Maswali ya keki yametapakaa kwenye kila uzi wa mapishi na majibu yanagongana. Huyu anasema vikombe viwili, yule vitatu, wa tatu anasema weka kiasi. Hapa tubaki na aina moja tu: keki ya mkate, ile inayookwa kwenye trei ndefu yenye kina, haipakwi krimu, unakata slesi unashushia chai.

Ndiyo keki nyepesi kuliko zote kutengeneza, ila ina tabia yake. Kwa sababu ya kina, moto unachelewa kufika katikati huku pembeni na juu pameshaiva. Keki nyingi huharibikia hapo, wala siyo kwenye upigaji wa sukari kama watu wanavyodhani.

Kipimo cha msingi ni uzito sawa wa vitu vinne: siagi, sukari, mayai, unga. Waingereza wa karne ya 18 waliweka ratili moja ya kila kimoja, bila beking pauda, maana ilikuwa haijawahi kutengenezwa. Keki iliinuliwa na hewa iliyopigwa ndani ya siagi na mayai. Sisi tunasaidia kwa pauda kidogo, lakini uwiano ni ule ule.

Kwa trei ya sentimita 21 kwa 11, kina 6 au 7:

Siagi au majarini gramu 200
Sukari gramu 200
Mayai 4 ya kisasa (yakivunjwa yawe karibu gramu 200)
Unga wa ngano gramu 200
Beking pauda vijiko vya chai 1½, vilivyosawazishwa kwa kisu
Chumvi robo kijiko cha chai
Maziwa vijiko vya chakula 2
Hiliki ya kusaga nusu kijiko cha chai, au ngozi ya njano ya malimau mawili iliyokwaruzwa

Yai la kisasa la kati bila ganda lina kama gramu 50. La kienyeji ni dogo, linaweza kuwa na 35 tu. Kwa hiyo anza na mayai: vunja, pima, halafu vitu vingine vitatu vifuate uzito huo. Hapo hata mayai yakiwa madogo uwiano hauharibiki.

Washa oveni kwanza, nyuzi 165 za Selsiasi. Kama ina feni, 150. Iache dakika 20 kamili. Taa ya oveni ikizima, maana yake ni hewa imefika joto hilo, kuta bado.

Piga siagi na sukari hadi rangi igeuke kutoka njano kuwa karibu nyeupe na ujazo uongezeke waziwazi. Kwa mashine ni dakika 4 hadi 5, kwa mwiko ni 12 hadi 15 za nguvu. Mayai yaingie moja moja, kila moja lipotee kabisa kabla ya jingine. Unga uliochekechwa pamoja na pauda na chumvi uingie kwa mafungu matatu, na kuanzia hapo weka mashine pembeni. Pindua kwa mwiko kutoka chini kuja juu, ukiacha kuona unga mkavu, acha mkono. Maziwa mwisho.

Rojo sahihi linadondoka kutoka kwenye mwiko kwa mafungu likitikiswa. Likimiminika kama uji, umezidisha maji. Likigoma kudondoka, ongeza kijiko cha maziwa. Jaza trei theluthi mbili, sawazisha, oka dakika 50 hadi 60 kwenye safu ya katikati. Usifungue mlango kabla ya dakika ya 40.

Kisiwani_Bibie:
Asante mkuu. Naongezea kwa watu wa pwani: siagi "ya joto la kawaida" inayosemwa kwenye mapishi ya Ulaya ni ya nyuzi 18 hadi 20. Dar, Tanga, Mombasa, Unguja jikoni ni 28 hadi 32. Siagi ya joto hilo ni laini mno, haishiki hewa. Utapiga nusu saa na haitanenepa, itang'aa tu kama mafuta.

Ya kwetu itoke friji, ikatwe vipande vidogo, isubiri dakika 10 tu. Kidole kikibonyeza kiache alama bila kuzama. Ikishalainika kupita kiasi, weka bakuli lote na sukari yake friji dakika 10 kisha endelea. Mayai nayo yakitoka friji yalale kwenye maji vuguvugu dakika 5 hadi 8, usiyatumie ya baridi.

Fundi_Trei:
Hapo kwenye mayai ya baridi ndipo rojo linapokatika. Ukiona limegeuka vichembe vichembe kama maziwa yaliyochacha, mafuta yamejitenga na maji ya yai. Usitupe. Weka kijiko kimoja cha chakula cha unga kutoka kwenye ule uliopima, piga kidogo, litarudi. Lisiporudi lote keki bado italiwa, ila ndani itakuwa na matundu makubwa yasiyolingana.

Msomaji_Kimya:
Wakuu, naomba msaada. Keki inaumuka vizuri hadi inapita trei, nikiitoa inatitia katikati kama mtumbwi. Pauda nimeweka vijiko vya chai vinne ili iumuke zaidi. Tatizo nini?

Mzani_wa_Jikoni:
Umejijibu, ndugu. Vijiko vinne kwa unga wa gramu 200 ni karibu mara tatu ya kinachotakiwa. Gesi inazalishwa nyingi mapema, mapovu yanavimba, yanaungana, yanapasuka kabla unga na yai havijakakamaa kuyashika. Keki inapanda haraka halafu inaanguka, na mdomoni inaacha ukakasi.

Kiwango: kijiko cha chai 1 kwa kila gramu 125 za unga, ukizidisha sana 1¼. Kama unga wako ni ule unaouzwa ukiwa na pauda tayari, usiongeze kitu.

Sababu nyingine za kutitia, kwa mpangilio wa zinavyotokea mara nyingi:

Imetolewa mbichi. Hii ndiyo namba moja, na inaumbuliwa na kisu: ukikata katikati ya sehemu iliyobonyea utakuta tope.

Mlango umefunguliwa dakika ya 20 au 25. Joto linashuka ghafla, hewa iliyovimba inasinyaa, na kuta za keki bado laini.

Sukari imezidi. Sukari inachelewesha yai kuganda na unga kukakamaa, kwa hiyo ukiongeza gramu 50 "ili ikolee" umeongeza na muda wa keki kuwa dhaifu.

Rojo limekaa mezani nusu saa likisubiri oveni ishike moto. Pauda inaanza kazi ikishagusa maji, kwa hiyo oveni ndiyo imsubiri mpishi.

Na mwisho pauda imekufa, ingawa hapo mara nyingi keki haiinuki kabisa, siyo kuinuka na kushuka.

Kisiwani_Bibie:
Kupima pauda: kijiko cha chai kimoja ndani ya nusu kikombe cha maji ya moto. Itoe povu kwa fujo, papo hapo. Ikitoa vipovu viwili vitatu vya uvivu, tupa. Kopo likishafunguliwa kwa unyevu wa pwani halidumu, hasa ukichota kwa kijiko chenye maji. Beking soda unaipima kwa ndimu au siki badala ya maji ya moto.

Na tafadhali, msichanganye vitu viwili hivi. Soda ina nguvu kama mara tatu au nne ya pauda na inahitaji kitu kichachu: mtindi, ndimu, ndizi. Bila uchachu inaacha ladha ya sabuni na rangi ya kahawia isiyo na sababu. Robo kijiko cha chai cha soda inatosheana na nusu kikombe cha mtindi. Ile magadi ya kufulia au ya kutengenezea sabuni haihusiki kabisa jikoni, hata kama duka ni hilo hilo na mfuko unafanana.

Chai_ya_Rangi:
Kuhusu kijiti cha meno: kwenye keki ya mkate ni kifupi, hakifiki. Tumia kijiti cha mshikaki, choma palipopasuka katikati, fika chini. Kikitoka na chembe kavu mbili tatu ni sawa, toa. Kikitoka na rojo linalong'aa, rudisha dakika 8. Ukisubiri hadi kiwe kisafi kabisa na kikavu, keki ya siagi utakuwa umeshaikausha.

Fundi_Trei:
Wenye kipimajoto cha ndani, 96 hadi 98 katikati ni tayari. Sikiliza pia: keki mbichi inatoa mlio wa kuchemka ukiweka sikio karibu, iliyoiva inakaribia kunyamaza. Na pembeni inaanza kuachana na trei kidogo.

Nyanda_za_Juu:
Hiyo 98 ni ya pwani, mkuu. Huku juu maji yenyewe hayafiki huko. Kila mita 300 za kupanda, maji yanachemka chini kwa karibu nyuzi moja. Nairobi na Mbeya ziko karibu na mita 1,700, maji yanachemka kwenye 94 hivi. Eldoret inapita 2,000. Ukingoja 98 ndani ya keki Eldoret utatoa tofali. Huku tumia kijiti.

Na siyo kipimajoto tu. Hewa ikiwa nyepesi, mapovu yanavimba zaidi kwa pauda ile ile, na maji yanakauka haraka. Kipishi cha Dar kikipikwa Mbeya bila kurekebishwa kinapanda sana halafu kinatitia, na sukari inaacha ganda linalonata. Kwa kipimo cha mwanzisha uzi:

Pauda ishuke kutoka vijiko 1½ hadi 1 au 1 na kidogo.
Sukari punguza gramu 15 hadi 20.
Maziwa yawe vijiko vya chakula 4 badala ya 2.
Oveni 175 badala ya 165, ili keki ishike umbo kabla haijavimba kupita kiasi. Anza kuchungulia dakika ya 45.

Arusha iko karibu na mita 1,400, nusu ya marekebisho hayo inatosha. Anza na pauda peke yake, uone.

Mama_Kibao:
Sisi wa mkaa mmetusahau. Au oveni ndiyo tiketi ya kuingia huku?

Kisiwani_Bibie:
Hapana mama, mkaa ndio ulikuwepo kwanza. Mkate wa kumimina na mkate wa mayai vimepikwa kwa kupalia miaka mingi kabla ya hizo oveni za umeme.

Unahitaji sufuria kubwa nzito yenye kifuniko bapa kinachoweza kubeba makaa, na chini mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili. Juu ya mchanga weka pete ya chuma au vifuniko vitatu vya chuma vya soda ili trei isigusane na mchanga moja kwa moja. Pasha sufuria tupu imefunikwa dakika 15.

Kosa kubwa ni moto wa chini. Makaa yakishashika na kupata majivu meupe, yagawe: theluthi moja chini, theluthi mbili juu ya kifuniko. Mwali usionekane. Keki ikiingia usifunue dakika 35 za kwanza. Makaa ya juu yakififia ongeza yaliyokwisha kushika. Mkaa mweusi usiuwashe pale pale juu, unatoa moshi na keki inaunuka. Dakika ya 35 chungulia. Ikiwa juu imeshakolea rangi na ndani bado, ondoa makaa ya juu nusu, acha ya chini.

Kupima joto bila kipimajoto: kijiko cha unga mkavu kwenye kisahani cha bati ndani ya sufuria, funika dakika 5. Ukiwa rangi ya maziwa ya chai, moto ni wa keki. Ukiwa kahawia iliyoiva ni mkali, toa makaa. Ukiwa bado mweupe, ongeza.

Mama_Kibao:
Ahsante bibie. Na gesi?

Kisiwani_Bibie:
Gesi ya mtungi ni hivyo hivyo na mchanga, moto wa chini kabisa, ila juu haitapata rangi kwa sababu hakuna moto wa juu. Itaiva, itabaki imepauka. Funga kifuniko kwa kitambaa kikavu kwa ndani ili mvuke usidondoke juu ya keki, ncha za kitambaa zifungwe juu ya mkono wa kifuniko zisije zikashika moto. Kwenye makaa ya kupalia usitumie kitambaa, ni wazi kwa nini.

Mwanafunzi_wa_Unga:
Samahani, mimi sina mizani. Vikombe je?

Mzani_wa_Jikoni:
Mizani ya jikoni ya bei ya chini kabisa itakulipa ndani ya keki mbili za kuharibika. Lakini sawa. Kikombe cha kupimia ni mililita 250. Kikombe chako cha chai kinaweza kuwa 180 au 300, kwa hiyo chukua chupa ya maji ya nusu lita, mimina nusu yake, uone inafika wapi, uweke alama.

Unga uliomwagwa kwa kijiko kwenye kikombe na kusawazishwa ni gramu 125 hadi 130. Ukichota kwa kuzamisha kikombe kwenye mfuko ni 150 au zaidi. Tofauti hiyo ya gramu 20 na kitu kwa kila kikombe ndiyo inayofanya keki ya jirani iwe laini na yako iwe kavu ilhali mmefuata karatasi moja. Sukari kikombe ni gramu 200 hivi. Mafuta ya maji kikombe ni 230.

Kuna njia nyingine isiyo na mizani, ya Wafaransa: kopo la mtindi ndilo kipimo. Kopo 1 la mtindi (gramu 125), ukishalimwaga unalitumia lile lile kupima: makopo 2 ya sukari, makopo 3 ya unga, nusu kopo la mafuta ya kupikia, mayai 3, pauda vijiko vya chai 2. Mtindi, sukari na mayai kwanza, kisha unga na pauda, mafuta mwisho. Mchapo wa mayai wa mkono unatosha. Nyuzi 170, dakika 45 hadi 50. Kopo la gramu 150 bado linafaa. La 250 halifai, mayai 3 hayatabeba mzigo huo.

Chai_ya_Rangi:
Hii ya mtindi ndiyo ningempa anayeanza, siyo ya siagi. Haina hewa ya kupiga, kwa hiyo hakuna cha kukosea isipokuwa kuchanganya kupita kiasi. Na kwa kuwa mafuta ya maji hayagandi, hata ikilala friji inabaki laini. Ya siagi ikitoka friji ni ngumu hadi ipate joto.

Fundi_Trei:
Kubadilisha siagi kwa mafuta ya maji kwenye kipimo cha kwanza: siagi ina mafuta asilimia 80 na kitu, kinachobaki ni maji zaidi. Siagi 200 unaweka mafuta 160, ambayo ni mililita 175 hivi, na maziwa unaongeza vijiko vya chakula 2. Hapo usipige sukari na mafuta ukitegemea yanenepe, hayanenepi. Piga mayai na sukari ndiyo yanenepe, mafuta yaingie kwa uzi mwembamba.

Majarini ya kopo soma ubavuni. Zile zilizotengenezwa kwa kupaka mkate tu, zenye mafuta kidogo, zina maji mengi. Keki yake inakuwa na mstari mbichi chini.

Mwanafunzi_wa_Unga:
Huo mstari mbichi ndio nilitaka kuuliza. Chini keki ina tabaka la sentimita moja limeshikana kama ugali, juu ni sawa.

Fundi_Trei:
Angalia mambo manne. Maji au ndizi zimezidi. Unga umepigwa kwa mashine. Moto wa chini hafifu, labda trei imekaa safu ya juu au juu ya trei nyingine pana iliyoziba moto. Au ilitolewa mbichi kidogo na ikaachwa ipoe ndani ya trei, mvuke ukarudi chini.

Keki ikae ndani ya trei dakika 10 tu, kisha itoke ikae juu ya waya wa kupozea au chekeche kubwa iliyogeuzwa. Chini ya dakika 5 inaweza kuvunjika, ikizidi 20 inatoka jasho.

Nyanda_za_Juu:
Kuna kitu sijaona kimetajwa: sukari yetu. Ile ya kahawia isiyosafishwa sana yenye punje kubwa haiyeyuki kwenye siagi. Unaona madoa ya kahawia juu ya keki na ndani inakuwa na ukwaruzo. Isage kwenye blenda sekunde 20 hadi 30, punje ziwe kama chumvi laini. Isiwe unga kabisa. Unga wa sukari hauna kona za kuchimba vitundu vya hewa kwenye siagi.

Na unga. Wa mandazi na keki unatakiwa uwe na protini ndogo, 9 hadi 10 kwa kila gramu 100, imeandikwa kwenye mfuko. Wa mkate na chapati unaweza kufika 12. Ukiwa na huo tu, kwenye kila gramu 125 toa vijiko vya chakula 2 na uweke vijiko 2 vya konifulawa, ile wanga nyeupe ya mahindi. Siyo sembe. Chekecha mara mbili.

Zabibu_Kavu:
Zabibu zangu zote zinakaa chini. Nimezipaka unga kama wanavyosema, bado.

Chai_ya_Rangi:
Kupaka unga kunasaidia kidogo sana, na mimi naona kumesifiwa kuliko kunavyostahili. Kinachoshika zabibu ni rojo zito. La siagi lenye uzito sawa linazibeba. La mtindi au la ndizi ni jepesi, halibebi kitu. Zioshe, zikaushe kabisa kwa kitambaa, kubwa zikatwe. Halafu mimina theluthi ya rojo bila zabibu kwanza, zabibu ziingie kwenye lililobaki. Gramu 100 kwa trei hiyo zinatosha.

Msomaji_Kimya:
Mkuu nimepunguza pauda, haijatitia. Sasa imepasuka juu katikati, na mpasuko umeenda upande.

Mzani_wa_Jikoni:
Mpasuko ni halali yake. Ganda la juu linakauka wakati katikati bado inapanda, lazima litoe njia. Ukitaka unyooke, huhitaji hata kufungua mlango. Kabla ya kuoka chora mstari mwembamba wa siagi laini juu ya rojo, katikati, kutoka ncha hadi ncha. Palipo na siagi panachelewa kukauka, ndipo patakapopasuka.

Ukienda upande mmoja tu, oveni yako ina upande mkali au trei imegusa ukuta. Geuza trei dakika ya 40. Mpasuko mkubwa kama mlima na pembeni palipoungua, moto umezidi. Shusha nyuzi 10 hadi 15.

Mama_Kibao:
Trei nyeusi na nyeupe zina tofauti?

Fundi_Trei:
Kubwa. Nyeusi inanyonya joto, pembeni panakolea haraka: shusha nyuzi 10. Ya kioo inachelewa kushika na inachelewa kuachia, nayo shusha 10 na utoe keki mapema. Alumini ya kung'aa ndiyo ya kati.

Za mafundi wa jua kali, Kamukunji kule Nairobi na kwingineko, ni nzuri na bei yake ni nafuu, ila chagua alumini iliyokunjwa kona. Epuka iliyochomelewa kwa risasi na iliyokatwa kutoka bati la kuezekea, maana ndimu na mtindi vinakula ule utando wa zinki. Kona za kukunja zinavuja rojo jepesi, kwa hiyo tandika karatasi: ukanda mmoja mrefu unaopita chini na kupanda pande mbili ndefu, uzidi sentimita 3 kila upande. Ndiyo mikono ya kuinulia keki. Pande fupi paka siagi na unga. Karatasi ya gazeti usitumie, ina wino.

Hujui ujazo wa trei yako? Jaza maji, pima kwa chupa. Kipimo cha mayai 4 kinataka trei ya lita 1.3 hadi 1.5. Ikiwa ya lita 2, weka mayai 6 na vingine gramu 300, pauda vijiko 2¼, na dakika 65 hadi 75 kwa nyuzi 160. Trei ndogo ya nusu kilo inachukua mayai 2 na dakika 35 hadi 40.

Zabibu_Kavu:
Na ya ndizi jamani? Zimeiva nyingi.

Kisiwani_Bibie:
Ndizi ziwe na maganda meusi nusu, zikimenywa zipatikane gramu 300. Ponda kwa uma, usisage. Blenda inafanya uji unaonata. Ongeza mayai 2, sukari gramu 130, mafuta mililita 100, mtindi mililita 60. Pembeni unga gramu 220, beking soda kijiko cha chai 1 kilichosawazishwa, chumvi robo kijiko, mdalasini ukipenda. Unganisha kwa mwiko, mizunguko 15 hadi 20, madonge madogo ya unga yaache. Nyuzi 170, dakika 55 hadi 60.

Pima ndizi, usihesabu. Tatu za aina kubwa zinaweza kufika gramu 300, tatu za kisukari hazifiki hata 180. Ukizidisha zikawa 450 "ili inukie" utapata ule mstari mbichi uliotajwa juu. Ikikolea rangi haraka dakika ya 35 funika juu kwa karatasi ya foili bila kubana. Ndizi na soda vinaharakisha rangi.

Mwanafunzi_wa_Unga:
Swali la mwisho kwangu: umeme ukikatika keki iko ndani?

Mzani_wa_Jikoni:
Usifungue mlango. Oveni iliyopashwa vizuri inashika joto dakika kadhaa za maana.

Ukikatika baada ya dakika ya 40, mara nyingi keki itamalizika kwa joto lililobaki. Iache dakika 25 halafu choma kijiti. Kati ya 20 na 40 ni sehemu mbaya: kama umeme haurudi ndani ya dakika 10, hamishia kwenye sufuria ya mkaa iliyo tayari ina moto. Itatitia kidogo lakini itaiva. Ndani ya dakika 10 za kwanza rojo bado ni rojo. Likihamishwa taratibu halidhuriki sana, na jiko la gesi lenye mchanga linatosha.

Chai_ya_Rangi:
Kuhifadhi, kwa watakaouliza. Ya siagi ni tamu zaidi siku ya pili, ikate ikiwa baridi kabisa kwa kisu chenye meno. Ifunge kwenye nailoni ikiwa haina joto hata kidogo, ukiifunga vuguvugu inaota ukungu. Pwani siku 3 mezani, ya ndizi 2, baada ya hapo friji. Ukiigandisha, ikate slesi kwanza na uweke karatasi kati ya slesi na slesi. Inakaa miezi miwili bila shida na unatoa moja moja, dakika 30 mezani tayari.